Sekunde Moja Nukta Tisa

Tulifika Heru Juu na boksi la kadi sitini,
saa ya kupimia, daftari la mistari ya buluu.
Dodoma walitugongea mihuri mitatu,
Kasulu wakaongeza wa nne,
mwenyekiti wa kijiji akagonga wa tano
akiulemea kwa mkono mzima, kama anayeziba tundu.

Kazi yenyewe nyepesi kueleza:
mtoto anaona picha, mtoto anataja.
Kengele moja, Kiswahili. Kengele mbili, Kiha.
Mimi nahesabu kimya kilicho katikati.

Nilikuwa na nadharia, na niliipenda
kama mtu anavyopenda viatu vipya:
kwamba mwenye lugha mbili
ana maneno mawili kwa kila kitu,
na yote mawili hufika mlangoni kwa pamoja,
yakaanza heshima zao, tangulia wewe, hapana, wewe,
na hapo ndipo sekunde zinapomwagika.

Darasa la tatu, dawati la mbele: Nyabenda Misago,
miaka tisa, vumbi jekundu hadi magotini,
anapinda ncha ya sweta.
Kengele moja. Ng'ombe! Moto! Mvua!
kama mahindi yanayoruka kikaangoni.
Kengele mbili.
Picha ileile, ng'ombe yuleyule,
na yeye kimya.
Sekunde moja nukta tisa.
Halafu, kwa sauti ya mtu anayedokoa sukari:
inka.

Nikaandika. Nikafurahi, Mungu anisamehe.
Watoto ishirini na wanane, karibu wote vilevile.
Usiku, nyumba ya wageni, taa ya sola ikififia,
nikamwandikia Daktari Kokushubira:
nadharia inasimama.

Siku ya tatu mvua ilitukuta jikoni kwa akina Nyabenda.
Bibi yake anachambua maharage, mimi nalia moshi.
Boksi lililolowa likapasuka chini,
na kabla sijainama,
inka! umuriro! imvura! imbwa!
mtoto anazitaja kadi zikiwa bado hewani,
hata zilizoanguka kifudifudi akazitaja,
anabahatisha, anacheka,
bibi anamsahihisha bila kuinua kichwa,
na saa yangu iko mfukoni, haijui lolote.

Kesho yake sikutazama kadi. Nilitazama macho.
Kengele mbili.
Macho yakaondoka kwenye picha,
yakavuka bega langu,
yakaenda mlangoni, yakauliza, yakarudi.
Inka.
Nikageuka.
Mlangoni alisimama Mwalimu Mbonankira,
chaki nyuma ya sikio,
mtu mpole, aliyetuletea chai na viazi vitamu
kila ilipogonga saa nne.

Jioni alivuta droo ya meza yake.
Kipande cha ubao kilichotobolewa, kamba ya katani,
herufi zimechujuka: NIMESEMA KILUGHA.
"Nilikivaa mimi, hapa hapa, darasa la tano.
Baadaye nikawavalisha wengine.
Mwaka wa kumi na mbili huu hakijatoka humu.
Hawa hata hawajazaliwa wakati ule.
Sijui wamekijuaje."
Akakipima uzito kwa kiganja, kama anayenunua nyama.
"Hicho kimya mnachokihesabu, mwanangu,
kiandikeni kwa jina langu."

Fomu yetu ina safu kumi na moja:
umri, jinsia, lugha ya nyumbani, lugha ya shule,
usahihi, kosa, muda, na mengineyo.
Hakuna ya mlango.
Nimeichora kwa rula, pembeni,
nje ya mistari ya buluu, imepinda kidogo.
Daktari ameuliza hicho ni kipimo gani,
na nani alikitumia kabla yetu.

Nimefungua simu nimjibu. Nimeandika neno,
nikalifuta, nikatazama nje, kule shuleni,
nikaandika tena.
Sikupima ni muda gani.